Chumba chako cha kutulia nyumbani, kwa sisi wa Mwanza wenye mawe, jua la jioni na wageni

Watu wengi wakisikia chumba cha kutulia akili inakimbilia rangi. Mtu anapekua picha kwenye simu, anaona chumba cheupe kina mto mmoja, ua moja na mshumaa, anasema na mimi nitengenezewe hiki hiki. Mimi kazi yangu ni finishingi hapa Mwanza, rangi, jipsamu na hivi vitu vidogo vidogo vya ndani, na mtu akiniita kwa kazi ya namna hii namuuliza kwanza: hiki chumba usipokikalia wewe, nani atakikalia? Maana nyumba zetu zinajulikana, chumba kisicho na mtu ni cha mgeni, na mgeni asipokuwepo ni stoo, gunia la mchele linaingia, baiskeli inaingia, feni mbovu inaingia. Ukishindana na hilo kwa ndoo ya rangi umeliwa hela yako.

Kwa hiyo tuanze na watu, jua na kelele zitafuata, mapambo mwisho kabisa.

Usiweke kitanda. Kuna mzee mmoja pale Bwiru, mwalimu mstaafu, alitaka kachumba ka kusomea na kukaa kimya, tukakatengeneza kakapendeza, siku ya kukabidhi mama mwenye nyumba akaingia akaangalia kona moja akasema, "Baba, sasa hapa si tungeweka hata kale katanda ka tatu kwa sita, mgeni akija?" Mzee akakubali, maana kweli utakataaje. Haikupita muda mtoto wa dada yake akashuka kutoka Sengerema anakuja fildi, "Shikamoo mjomba, nimefika," mzee akajibu, "Marahaba mwanangu, karibu sana, pita ndani," na hapo ndo chumba kilipokwisha. Nilipopita baadaye kudai kibalansi changu nikamkuta mzee kakaa sebuleni na kitabu chake mapajani, tivii inaunguruma, na mlangoni kwa kile chumba kuna ndala za kijana.

Hakuna mwenye kosa hapo. Ndugu hawezi kulala nje na chumba chenye kitanda kipo. Ila chumba kisicho na kitanda hakimkaribishi mtu kulala, atapewa godoro sebuleni au atalala na watoto na wala hatajisikia vibaya. Kochi la watu watatu nalo ni kitanda, msijidanganye, hata lile la watu wawili kwa kijana mfupi. Weka kiti cha mtu mmoja. Kile kiti cha uvivu cha mbao na turubai kinatosha kabisa, fundi wa pembeni ya barabara anakuchongea, ama kama unapenda kukaa chini weka mkeka na mto mkubwa mmoja.

Na angalia vitu vinavyoita watu. Ukiweka pasi humo, kila asubuhi mtu atagonga. Friji ndogo, usiseme. Ruta ya waifai ni mbaya zaidi maana vijana wote wa nyumbani watahamia mlangoni, na kile kidude cha kuingizia tokeni za Luku kama kiko kwenye huo ukuta mwambie fundi umeme akupe njia ya kukihamishia korido kabla hujafanya kingine chochote, kwa sababu umeme unaisha saa nne usiku wakati ndo umekaa umetulia.

Halafu ongea na watu wa ndani kabla fundi hajaja. Usipoongea wanaona unawakimbia, na mama mkwe akisikia kuna chumba kinafungwa na ufunguo ataanza maswali yake. Sema saa, yaani nakaa humo kuanzia saa kumi na moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili, au baada ya chakula cha usiku, muda mwingine mlango uko wazi na mtoto akitaka kusomea humo asome. Saa ikijulikana watu wanaiheshimu, chumba kilichofungwa siku nzima ndo kinaleta maneno. Kama unasali humo au unasoma Kurani basi sema hivyo hivyo, hapa kwetu hilo halihitaji maelezo ya ziada.

Sasa chumba kipi. Mji wetu umekaa upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo ukiwa Capri Point upande wa ghuba, Isamilo juu, Bwiru au Luchelele, maji mazuri ya kuangalia mara nyingi yako magharibi, na jua linazama huko huko. Kila mtu anataka dirisha la ziwa na kila mwenye dirisha la ziwa anaungua jioni. Ongeza na hili ambalo wengi hatulifikirii, saa tunazotumia nchi nzima zinaendana na jua la mahali palipo mashariki zaidi ya kwetu, ndo maana hapa jua linakaa utosini kati ya saa sita na nusu na saa saba, na linazama karibu na saa moja kasoro. Kwa hiyo ukuta wa magharibi unapigwa kuanzia saa nane mpaka jioni kabisa, muda ule ule unaorudi kazini ukitaka kutulia.

Kabla ya kuamua chukua kiti uende ukakae kwenye chumba saa kumi na moja jioni, weka kiganja ukutani kwa ndani. Kama ukuta wa tofali za saruji unauma mkono, ujue huo moto utautoa polepole mpaka usiku, saruji inakula joto mchana na kulitapika usiku. Mawe yetu ni hivyo hivyo. Mwenye jabali nyuma ya dirisha analifahamu hilo, saa tatu usiku hewa ya nje imepoa lakini upande wa jabali bado kuna fukuto, lile granaiti limeota jua siku nzima. Nimeona watu wanaliweka jabali kama pambo, dirisha kubwa linaliangalia, picha inatoka vizuri kweli, ila kama jabali lenyewe linapigwa na jua la mchana mimi ningepanda kitu mbele yake kilifunike kwanza, mti wa kivuli au hata mtambaa.

Ukiwa umeng'ang'ania dirisha la ziwa (na nakuelewa, ndo raha ya kukaa huku) basi zuia jua likiwa bado nje. Pazia zito la ndani linasaidia mwanga kuliko joto, maana jua likishapita kioo joto limeshaingia na pazia linabaki kulibeba. Kinachosaidia ni bati la varanda lililotoka nje vya kutosha, chiki, yaani mapazia ya matete yanayoning'inia nje ya dirisha, mti, au kimwavuli cha dirisha. Bati la juu jua la jioni linapita chini yake kwa sababu linakuja limelala, kwa hiyo magharibi chiki ni bora kuliko kimwavuli. Dirisha la kaskazini linapata jua katikati ya mwaka na la kusini linapata mwezi wa kumi na mbili, lakini yote mawili jua lake liko juu na kimwavuli kifupi kinalimaliza, ndo maana kama una uhuru wa kuchagua, chukua chumba cha kusini au kaskazini au cha mashariki, halafu machweo nenda ukayaangalie varandani kama watu wengine.

Upepo wetu una ratiba, mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu na usiku unageuka. Chumba chenye dirisha moja hakiupati vizuri hata kama liko wazi, upepo unahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Kama huna dirisha la pili, acha uwazi juu ya mlango au toboa matundu ya hewa ukuta wa upande wa pili. Feni ya kusimama ya wati 60 ukiiwasha kwa masaa manane inakula kama nusu uniti, wakati AC ya hospawa moja ikiwa inafanya kazi inavuta wati 750 mpaka 1,000, sasa piga hesabu mwenyewe kwa mwezi. Usiku wa joto igeuze feni itazame dirishani isukume hewa ya moto nje, na mlango uwe wazi kidogo hewa ya baridi ivutwe kutoka korido.

Nyavu za dirishani sio za hiari. Mbu tunawajua na malaria ya Kanda ya Ziwa tunaijua, lakini kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi juu ya maji, hasa siku za karibu na mwezi mwandamo, wakiona taa wanakuja wote na wavu wa mbu wenye matundu makubwa wanaupita. Omba wavu wenye matundu madogo sana. Ni kweli wavu wa namna hiyo unapunguza upepo, kwa hiyo dirisha liwe kubwa kidogo kufidia. Na usiku ukiwa na taa nyeupe kali dirisha likiwa wazi umewapigia wadudu wote simu.

Walioko mlimani, na mji huu ni wengi, waangalie unyevu. Nyumba iliyochimbiwa kwenye mteremko ukuta wake wa nyuma unakaa na udongo, mvua za masika maji yanashuka juu ya mwamba, yakikosa njia yanaingia ukutani. Utaona rangi inavimba kama malengelenge, ukigusa unatoka unga mweupe, ile ni chumvi inayoletwa na maji. Wengi wanakwangua wanapaka tena, msimu ujao ni yale yale. Fanya hivi: chukua kipande cha nailoni cha ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne kisiachie hewa, kiache siku nzima na usiku. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani na dawa yake iko nje, mtaro, kuondoa udongo uliolala ukutani, plasta ya kuzuia maji. Matone yakiwa upande wa chumbani ujue ni hewa tu ya ndani, fungua madirisha zaidi. Usiweke hata senti moja kwenye rangi kabla ya hilo jaribio.

Kelele sasa, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo pesa nyingi zinapopotelea. Mtu wa Kirumba ana uwanja na mechi zake, mwingine ana baa, mwingine ana mkesha na spika zimegeuziwa kwake, bodaboda ni za wote. Kelele za nje zinaingia dirishani, hilo kila mtu anajua. Ila kelele za ndani ya nyumba, tivii, masufuria, watoto, nyingi zinapita juu. Panda ngazi ufungue ule mlango mdogo wa silingi uchungulie na tochi, utakuta kuta za vyumba zimeishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, juu yake ni wazi kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho, sauti inapenya jipsamu la sebuleni, inatembea darini, inashukia kwako kupitia jipsamu lako. Ndo maana unaweza kuwa na ukuta wa inchi sita na mlango wa mninga na bado unasikia taarifa ya habari neno kwa neno.

Dawa ni kuuendeleza ukuta wako mpaka chini ya bati. Kama chini kuna ukuta wa tofali na lenta, fundi mwashi aangalie kama inabeba aongeze kozi, yaani mistari, za tofali. Kama haifai, pigwe fremu ya mbao juu ya ukuta, jipsamu bodi pande zote mbili na katikati ile pamba maalumu ya darini, na nyufa zote zizibwe maana sauti inapita kwenye ufa kama maji. Msijaze magodoro chakavu na nguo kuukuu huko juu, panya watahamia na nyaya za umeme ziko huko huko. Pamba hiyo hiyo ukiitandaza juu ya silingi ya chumba chako inapunguza joto la bati na mlio wa mvua, kwa hiyo kama hela ni ya kitu kimoja tu mimi ningenunua hiyo.

Mlango unafuata. Ile milango ya flashi iliyo mitupu ndani, ukigonga inalia kama debe, haizuii kitu. Weka mlango wa mbao nzito, bandika mpira kuzunguka fremu, na chini ya mlango palipo na uwazi wa kidole weka brashi au mpira wa kufagia sakafu. Hapo utaniuliza, sasa na ule uwazi wa hewa juu ya mlango? Ndiyo, vinagombana. Chagua kinachokusumbua zaidi, joto au kelele, au weka kidirisha cha kufungua na kufunga. Trei za mayai achaneni nazo jamani. Zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, ila sauti ya jirani haizuiliwi na karatasi, kinachozuia sauti ni uzito.

Ndani ya chumba kitupu chenye vigae na jipsamu hata wewe ukikohoa kinalia. Hapo ndo zulia, pazia la kitambaa kizito na rafu ya vitabu vinafanya kazi. Mapazia mazito nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja asubuhi mapema mabelo yakifunguliwa, ya mitumba mengi yana kitambaa kizito kuliko mapya ya bei hiyo hiyo, beba futi kamba upime urefu maana ukifika nyumbani likiwa fupi hakuna wa kumrudishia.

Taa. Balbu nyingi madukani ni zile nyeupe za bluu, kwenye boksi zimeandikwa 6500K, nzuri kwa duka na jikoni. Tafuta iliyoandikwa 2700K au 3000K, mwanga wake una unjano, macho yanapumzika na wadudu nao wanapungua kidogo. Weka soketi karibu na kiti ili taa iwe ya pembeni kwa usawa wa bega, ile ya katikati ya dari utaiwasha ukifagia.

Rangi, tumefika. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.8, ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama mita 30 za mraba za ukuta. Lita moja inapaka mita 10 hivi, mikono miwili ni lita 6, kwa hiyo galoni mbili za lita nne zinatosha na zinabaki za kurekebishia, usikubali fundi akununulishe ndoo ya lita 20 (najua mafundi wenzangu watanuna). Chagua isiyong'aa, inaficha mabonde ya plasta na hairudishi mwanga machoni. Kuhusu rangi gani hasa, bandika rangi mbili tatu ukutani kwa ukubwa wa mlango wa kabati, ziangalie asubuhi na jioni, maana kijivu cha dukani kikipigwa na jua la ghuba saa kumi na mbili kinaweza kugeuka zambarau. Mimi napenda rangi ya mchanga au ya mawe yetu yenyewe, ila hiyo ni mimi. Na kazi ya plasta na rangi ifanyike kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, ukuta unakauka vizuri.

Vitu vya kuweka ndani viwe vichache na viwe vya kutumika. Meza ndogo ya kikombe, ndoano mbili nyuma ya mlango, kikapu cha magugu maji cha kuweka shuka la kujifunika, kitabu au uzi wako wa kufuma. Saa ya ukutani inayogonga tik tik hapana. Simu iwe na pa kuwekwa nje, kirafu cha korido chenye chaja, maana ukiingia nayo umeingia na wote waliomo. Mimea weka kwa sababu inapendeza, zile za majani marefu yaliyosimama zinavumilia ukisahau kumwagilia, ila ile habari ya kusafisha hewa ya nyumba inatokana na majaribio ya NASA ya 1989 yaliyofanywa kwenye visanduku vilivyofungwa kabisa, chumba chenye dirisha wazi kinasafishwa na dirisha. Sahani za chini ya vyungu zimwage kila mara, mbu hawachagui.

Kwa mpangaji wa chumba kimoja au chumba na sebule, kanuni ni zile zile ila unafanyia kona. Chagua kona iliyo mbali na mlango na isiyoangaliana na tivii. Chukua bomba la pazia la kubana, lile lenye springi ndani, libane kati ya ukuta na ubavu wa kabati, ning'iniza pazia zito, nyuma yake kiti kimoja kikielekea dirishani na taa ya kuchomeka. Kiti kielekee dirishani kweli, ukikaa umegeukia chumba utaona vyombo havijaoshwa utainuka. Kelele za uani huwezi kuzizuia kwa pazia, hapo ni kuchagua saa, na kwenye nyumba za wapangaji wengi saa nzuri ni alfajiri kabla ndoo hazijaanza kugongana bombani. Ukihama unakunja kila kitu kwenye shuka moja, na kwa kuwa hujapiga msumari hata mmoja mwenye nyumba hana pa kukukatia.